Samaki wa Ijumaa Kuu na Migomba ya Mama

Tulipopinda kona ya mwisho kabla ya kufika nyumbani, nilichokiona kwanza ni anga. Mahali pale hapakuwahi kuwa na anga. Tangu nipate akili palikuwa na migomba, imesongamana kuanzia nyuma ya jiko la mama mpaka chini kwenye kijito, na jua lilikuwa halifiki ardhini hata saa sita mchana. Sasa palikuwa peupe. Udongo mwekundu ulikuwa umechongwa na kusawazishwa, na katikati yake yalikuwa yamepangwa matofali ya saruji, yamefunikwa turubai la bluu.

Mama alikuwa amenishika mkono, mkono wa pili ana fimbo. Alikuwa ametoka kukaa kwangu mjini Morogoro miezi mingi, tangu alipoteleza kisimani akavunjika nyonga, na siku hiyo, Alhamisi Kuu, ndiyo nilikuwa namrudisha kwake Matombo ale Pasaka nyumbani. Gari lilikuwa limetuacha barabarani kwa ajili ya tope la masika, tukapanda kilima pole pole, tunapumzika kila penye jiwe la kukalia. Kichwani nilikuwa na ndoo ya perege niliowanunua sokoni asubuhi, wamefunikwa barafu na gunia bichi.

"Mama, migomba iko wapi?"

Hakunitazama. "Twende kwanza nikakae," akasema.

Nikadhani ni mshtuko. Nikamwonea huruma, na hasira yangu yote ikaenda kwa kaka yangu, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kuleta matofali pale.

Kwetu, siku za Ijumaa za Kwaresima, mama alikuwa anapika samaki kwa namna moja tu. Anampaa magamba, anamtoboa ubavuni kwa kisu, anampaka chumvi, tangawizi, pilipili na limau. Pembeni anakuwa ameshachuma mnavu, mchicha na majani machanga ya maboga, ameyaosha, ameyakamua kwa viganja mpaka yamelegea. Kisha anakwenda nyuma ya jiko, anachagua jani la mgomba ambalo halijachanwa na upepo, analikata, anatoa uti wake, analibabua juu ya moto mpaka libadilike rangi na kulainika kama kitambaa. Anatandika mboga, juu yake samaki, juu yake mboga tena, kijiko cha tui zito, ganda dogo la mdalasini. Anakunja. Kukunja kwenyewe ndiyo kazi. Kila upande unaingia chini ya mwenzake, halafu jani la pili linazunguka kinyume, halafu kamba ya mgomba. Mvuke ukipata pa kutokea, alikuwa akisema, umepika majivu. Anavivumbika vile vifurushi kwenye majivu ya moto, anafunika bati, juu ya bati makaa. Hakuna anayefungua mpaka vifike mkononi mwa mwenye kula. Kila mtu na chake.

Nimekula samaki wa kila aina, kwenye sherehe na kwenye hoteli za mjini. Sijawahi kukutana na ladha ile, na sababu naijua: ni lile jani. Mama alikuwa na migomba ya aina nyingi, lakini ya majani ya kufungia ilikuwa upande mmoja, karibu na jiko, inamwagiwa maji ya kuoshea vyombo, majani yake mapana, hayapasuki ukiyakunja. Ile aliipanda bibi yangu, mama yake mama. Na kwa sisi Waluguru shamba la namna hiyo linafuata upande wa mama. Lilikuwa la bibi, likaja kwa mama, litakuja kwangu mimi binti yake, kisha kwa binti zangu. Kaka yangu analo neno katika shamba lile, tena neno kubwa, kwa sababu yeye ndiye mjomba wa wanangu, na kazi ya mjomba ni kuwalindia watoto wa dada yake mali yao. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Siyo mgeni aliyeingia na shoka. Mlinzi mwenyewe.

Alikuwa amekaa barazani na mke wake, viatu amevua, soksi zimejaa matope. Walikuwa wamefika jana yake kutoka Dar es Salaam. Alipotuona akasimama, akaja kumpokea mama, akampigia shikamoo, akampeleka kwenye kiti. Alimfanyia vizuri, siwezi kusema uongo. Mimi nilitua ndoo.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimepasafisha," akasema. "Mdogo wangu, pale palikuwa kichaka tu. Nyoka, mbu. Mama angeanguka tena. Tunajenga vyumba vya wageni. Wazungu wanapita hapa kwenda kuangalia maporomoko na mashamba ya viungo, wanalala wapi? Wanarudi mjini kulala. Hela inapita tunaiangalia."

"Nani kakuruhusu?"

"Nyumbani kwetu mimi ninahitaji ruhusa?"

"Hapa si kwenu peke yako. Unajua ni pa nani."

Wifi yangu akainuka akaingia ndani. Ni mtu mpole, wa kutoka kaskazini, na hajawahi kupenda maneno yetu ya ukoo wa mama. Kwao ardhi ni ya wanaume, basi. Kaka akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kuonyesha kwamba mimi bado mtoto.

"Unalilia migomba," akasema. "Migomba inaota popote. Kama ni habari ya samaki wako, nimelifikiria." Akaingia ndani akatoka na boksi refu. Ilikuwa ile karatasi ya foili inayong'aa, ya kuokea, ameinunua supamaketi. "Hii haichaniki, haivuji. Samaki ni yule yule."

Nililitazama lile boksi mkononi mwake. Mimi ni mwalimu, nakaa na watoto kutwa, nimejifunza kuhesabu pumzi kabla ya kusema. Siku ile sikuhesabu. Nilimwambia kwamba ni mwizi. Nilimwambia amemsubiri mama yake avunjike mguu ndipo amwibie. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika, kwa sauti iliyofika kwa majirani, na mama amekaa katikati yetu, ameweka fimbo magotini, anaangalia mikono yake.

Kaka hakujibu neno la wizi. Alisema tu, "Utakuja kunishukuru," akaenda kuangalia matofali yake.

Kesho yake, Ijumaa Kuu, watu walipanda misheni kwa Njia ya Msalaba. Mimi nilikwenda na wifi, kaka alibaki na mama. Sikusali. Nilipiga magoti kila kituo na wenzangu, lakini kichwani nilikuwa kwenye migomba. Asubuhi nilikuwa nimepaona vizuri: walikuwa hawakukata tu, walichimba mashina, wakayamwaga kijitoni. Mgomba ukiukata unachipua. Huu walihakikisha hauchipui.

Baada ya ibada sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipita kwa jirani yetu, mama mmoja makamo ya mama yangu, ambaye sisi wote tunamwita mama mkubwa ingawa si ndugu. Shamba lake linapakana na letu kwa kijito. Nilimpigia shikamoo, nikamwomba majani ya kufungia samaki.

"Kachukue, mwanangu. Hayo yangu si kama ya kwenu, yanapasuka. Kunja mawili mawili." Akachukua panga, akatangulia mbele yangu. Alipokuwa anakata akasema, "Mimi niliumia sana siku wanakata. Nilikuja pale nikawaambia vijana, hebu ngojeni mwenyewe arudi. Ndipo kaka yako, alikuwa amekuja kusimamia, akampigia mama yenu simu, akanipa niongee naye."

"Akakupa uongee na nani?"

"Na mama. Si alikuwa kwako? Akaniambia, mwache afanye, mimi nimempa." Akaniangalia, panga limesimama hewani. "Mwanangu, wewe hukujua?"

Nakumbuka nilifunga yale majani kwa khanga, nikavuka kijito, nikakaa upande wa pili kwenye udongo, ibada bado nimeivaa, gauni jeusi na rozari shingoni.

Miezi ile yote mama alikuwa nyumbani kwangu. Nilimwogesha. Nilimpeleka kliniki, nikamngoja kwenye mabenchi. Jioni, nikirudi shule, nilikuwa nakaa naye kibarazani, na yeye alikuwa ananisimulia migomba yake. Mkungu wa upande wa kijito utakuwa umekomaa, anasema. Ule wa karibu na jiko utakuwa umeegemea, sijui kama wameuwekea nguzo. Na mimi namwambia, nitawapigia simu waweke nguzo. Naye ananiambia, usijisumbue. Alikuwa anajua. Alikuwa anaongea nami juu ya migomba ambayo haikuwepo, na anakula chakula changu, na ananitazama usoni.

Niliporudi jikoni alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, mguu mbaya ameunyosha mbele, anapaa samaki. Alikuwa ameomba aletewe ndoo. Nikaweka majani chini. Moto ulikuwa tayari.

"Mama mkubwa ameniambia," nikasema.

Aliendelea kupaa. Magamba yalikuwa yanamrukia kwenye khanga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana mtu anaambiwa."

"Basi ndiyo maana sikukuambia," mama akasema. Akaweka yule samaki kwenye sinia, akachukua mwingine. "Kaka yako ana watoto watatu. Wale si wa ukoo wetu. Na kwa mama yao nako wanaambiwa mtoto ni wa kwa baba yake, kwa hiyo si wa kule. Nikifa mimi, wale watoto watakuja hapa kama nani? Watasimama barabarani waangalie kaburi la bibi yao halafu wapande gari. Nimewapa mahali pa kuweka mguu. Pale tu. Kipande kile tu."

"Kipande kile ni changu. Ni cha binti zangu."

Hapo ndipo aliponitazama. "Ni changu," akasema. "Mimi sijafa."

Nimekuwa nikilirudia neno lile mara nyingi, kitandani, darasani, njiani. Lina haki ndani yake, na hiyo haki inanikasirisha kuliko kama angekuwa amekosea kabisa. Kama angeniambia, nikamkatalia, tungegombana kama watu. Pengine angenishinda. Lakini alinipita pembeni. Walikubaliana wawili, kwenye simu, huku mimi niko chumba cha pili nampigia pasi magauni.

"Kulikuwa na nafasi upande wa juu," nikasema. "Kwenye mihogo. Angejenga kule. Kwa nini mgomba wa bibi?"

"Kule gari halifiki."

"Gari halifiki," nikasema, na nikasikia sauti yangu imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

Tulifanya kazi, kwa sababu samaki hawangojei watu wapatane. Mimi nilibabua majani, yeye akatandika mboga. Majani ya mama mkubwa yalikuwa magumu, yalipasuka kwenye mikunjo kama alivyosema, ikabidi tuyapige viraka. Mama alikuwa anakunja na mimi nafunga kamba, mikono yetu inagusana, na kila ikigusana niliiondoa yangu haraka. Tulifunga kifurushi cha mama, cha wifi, cha mama mkubwa, na changu.

Samaki mmoja alibaki. Mama akanyoosha mkono apewe jani.

"Huyu ana karatasi yake," nikasema.

Nilikwenda ndani nikalichukua lile boksi la foili. Nikamfunga samaki wa kaka yangu humo, na mboga zake, na tui lake, nikabana ncha zote vizuri kabisa. Sikumfanyia hila. Nilimpa samaki mkubwa kuliko wote. Nilitaka apate hasa kile alichosema kinatosha. Mama aliniona, akarudisha mkono wake, na mimi nikavivumbika vyote pamoja kwenye majivu.

Tulikula jioni, kabla jua halijazama, mlo wetu mmoja wa siku ile ya kufunga. Ukumbi ulijaa ile harufu ya jani lililoungua nje na mvuke ndani. Kila mtu akafungua chake. Hata kwa majani yale mabaya ilikuwa chakula cha kwetu. Mboga zimeshika tui, nyama ya samaki inajiachia kwenye mfupa. Kaka akafungua foili. Upande wa chini ulikuwa umeungua ukashika karatasi, na juu maji yamejaa, mboga zimegeuka rangi ya matope. Alichukua tonge, akatafuna. Akachukua tena. Wifi yangu akaangalia sahani yake, akaangalia yangu, akaelewa.

"Ni yule yule?" nikamuuliza kaka.

Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa dakika ile nilifurahi, nakiri bila aibu. Nilitaka aumie kidogo. Nilitaka aone kwa ulimi wake alichokikata.

Ndipo mama akainama. Akachukua jani lake, akalipasua katikati, na nusu ya samaki wake, ile nusu ya kichwani anayoipenda yeye mwenyewe, akaivuta pamoja na mboga akaiweka kwenye sahani ya kaka.

"Kula, baba," akamwambia.

Na yeye akala. Mtu mwenye nywele nyeupe, ana gari, ana mafundi wanaomngoja Jumanne, akainamisha kichwa akala samaki wa mama yake. Nilisimama nikatoka nje na chakula changu sikukimaliza. Nilimsikia wifi ananiita, sikugeuka. Nilitembea mpaka mwisho wa ule uwanja wao, nikasimama kati ya matofali na mashina yaliyotupwa, na sikulia. Watu wanapenda kusema mwanamke akikasirika mwishowe hulia. Mimi nilikuwa nimekauka.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda kwa mjomba wetu, mdogo wake mama, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo. Nilimweleza yote. Aliniita nje ya nyumba tukaongea tumesimama, na wiki iliyofuata akawaita wote, kaka na mama na wazee wengine wa ukoo. Kaka alikuja kutoka Dar. Mjomba alimuuliza mama mbele ya watu, "Dada, ulimpa?" Mama akasema alimpa. Mjomba akashusha pumzi. Akasema kilichotolewa na mwenyewe akiwa na akili zake hawezi kukirudisha. Lakini kuanzia mwisho wa ule uwanja mpaka kijitoni, na kule juu kwenye mihogo, ni kwa binti na watoto wa binti, na mtu mwingine asikanyage na shoka. Wakapanda alama, mmea wa mipaka tunaoupanda siku zote. Kaka alikubali kila kitu. Alikubali upesi mno. Chake alikuwa ameshakipata.

Vyumba vya wageni vimefika kwenye lenta, juu ya madirisha, vimesimama hapo. Amesema biashara ya Dar imekuwa ngumu. Ndani ya kuta zile yameota majani, mbuzi wa watu wanaingia wanakula. Mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yanazuiwa na mashina yanashuka moja kwa moja kijitoni, yanachimba udongo nyuma ya jiko la mama.

Mimi nilileta miche ya migomba kutoka kwa watu wa kule juu, kila mahali nilipoambiwa kuna ile ya majani mapana. Nilichimba mwenyewe upande wa kijito, likizo yangu yote ikaishia pale. Mvua za vuli zikasomba zaidi ya nusu. Kaka alipata habari, sijui kwa nani, akanitumia ujumbe kwenye simu: pole sana mdogo wangu, nitakutafutia miche mingine. Sikumjibu. Sijamjibu mpaka leo. Tukikutana ni kwa ajili ya dawa za mama, na tunaongea dawa.

Kwa mama nakwenda. Nampelekea perege kila Kwaresima, nakunja, nafunga, nakaa naye. Anasema nimekuwa na moyo mgumu, hakunizaa hivyo. Namwambia ndiyo, mama, nimekuwa mgumu, na ninampokonya ndoo nzito mkononi asije akaanguka tena.